Mkono Ulioitika

Kidole cha kati kiliruka, na betri zilikuwa dirishani.

Mama Vyura aliziangalia zile betri, zimejipanga kwenye kizingiti kama watoto walioadhibiwa, kisha akakirudia kile kidole kwa macho. Kikaruka tena. Pigo, kimya. Pigo, kimya. Mwendo uleule aliokuwa ameuweka kwenye kisanduku kabla hajakizima na kukitoa matumbo. Nyaya alishazivua, pamba ameshaitupa. Mkono wa kulia wa mumewe ulikuwa umelazwa juu ya mto, na kile kidole kilikuwa kinaugonga mto ule taratibu, kama mtu aliyefika mlangoni na hana haraka.

"Umeona?" mumewe akasema kwa upande wa mdomo uliobaki mzima. "Sasa unajiendea wenyewe. Mkono wangu huo, mwanamke! Umeikumbuka kazi."

Naye akacheka, akalia, akauinamia mkono akaubusu. Ndiyo, aliubusu.

Msimuliaji mwingine hapa angekwishaleta paka mweusi, na mbwa wa kubweka usiku wa manane. Hao ni wanafunzi, wasameheni. Giza ni la wezi na wapenzi. Jini mwenye heshima zake huja jua likiwa utosini, watu wameshiba wamejilaza, milango iko wazi, na kila mmoja akisikia kishindo hudhani ni mwenzake.

Mama Vyura ni jina alilopewa na wanafunzi. Alikuwa fundi wa maabara kwenye chuo cha udaktari, kile chumba wanamofundishwa vijana jinsi mwili unavyofanya kazi, na vyura walikuwa mikononi mwake tangu wakiwa birikani, lile tangi lao la maji, mpaka wanapofika mezani. Yeye ndiye aliyemtoa chura msuli wa mguu pamoja na mshipa wake wa fahamu, akaulaza kwenye kibao chenye maji ya chumvi, akaugusisha nyaya mbili za fedha. Nyaya zilitoka kwenye kisanduku. Kisanduku kilikuwa na ukubwa wa tofali, kina vitasa vitatu vya kuzungusha, cha nguvu, cha kasi na cha urefu wa pigo, na kitufe chekundu. Ukibonyeza, umeme kidogo unapita, na mguu wa chura aliyekufa tangu asubuhi unarusha teke. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapiga kelele. Wa mwaka wa pili wanajifanya hawakuwahi kupiga kelele.

Kisanduku kile kilikula betri tu. Daktari aliyewafundisha alikuwa na maneno yake aliyoyapenda, akiyarudia kila mwaka: umeme wa ukutani ni mgeni mwenye makelele, unanguruma mpaka ndani ya kipimo na unaweza kukuua, wa betri unaingia kimya, unatoka kimya.

Unaingia kimya. Alisema mwenyewe.

Mumewe naye aliitwa Mkasi, na jina hilo hakulipata kwa kazi ya ushonaji peke yake. Ulimi wake ulikata. Mteja akileta kitambaa kibaya alimwuliza kama amefiwa. Mkewe akiomba kushonewa gauni, alijibu, "Nikipata nafasi," na nafasi haikupatikana tangu walipooana. Mke wa fundi akavaa nguo za mafundi wengine, majirani wakaona, wakanyamaza kwa adabu. Basi asubuhi moja Mkasi alikuwa anapiga pasi suruali ya mtu, akaanguka. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukazimika, mkono na mguu, mdomo ukaenda pembeni. Cherehani ikafunikwa shuka pale sebuleni, na kitanda chake kikaletwa kando yake ili aione. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka. Akaiangalia siku nzima kama mtu anayeangalia kaburi lake likichimbwa.

Hospitalini waliwaambia wasubiri. Sugueni, nyosheni, subirini, mwenye mkono anaweza kurudi. Mama Vyura akasugua, akanyosha, akasubiri. Siku moja akisugua alidhani kidole gumba kimetikisika, akasema ni macho yake tu. Angesubiri zaidi, lakini alikuwa na wifi.

Wifi huyo, dada wa Mkasi, alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliyeko mtaa wa pili, na aliitumia hata akiwa jikoni. Alikuja kila siku kukagua kama kaka yake anageuzwa kitandani. Siku hiyo akamkuta Mama Vyura anafua.

"Wifi, nikuulize kitu, usikasirike."

"Ukisema hivyo najua nitakasirika. Uliza."

"Kazini kwako vyura waliokufa wanarusha mateke. Hapa kaka yangu yuko hai, anapumua, analala kama gogo. Hiyo elimu yako inawajua vyura tu?"

Neno likamwingia Mama Vyura kama mwiba wa samaki kooni, huwezi kumeza, huwezi kutema. Kesho yake kisanduku kikatoka chuoni ndani ya kikapu, chini ya mafungu ya mboga.

Na hapo ndipo lilipofanyika kosa, kosa ambalo mshona viatu asingelifanya, wala mwalimu, wala daktari. Alichukua na nyaya zilezile. Alikuwa ameziosha kwa maji safi, akazikausha, kama walivyofanya maabara kila jioni, na kwa sheria za maabara zilikuwa safi. Damu hutoka kwa maji. Mazoea hayatoki. Nyaya zile tangu zitengenezwe hazikuwahi kugusa kitu kingine isipokuwa nyama iliyohamwa na mwenyewe. Zilibisha hodi, nyama ikaitika, na hakuna hata mara moja mtu aliyeuliza: sasa ikiwa mwenyewe hayupo, ameitika nani?

Akazizungushia pamba yenye maji ya chumvi, moja karibu na kiwiko, moja kwenye kifundo cha mkono. Akaweka nguvu kidogo. Akabonyeza.

Vidole vitano vikajikunja kama vimeshika kitu.

Vigelegele vya wifi vilisikika mpaka kwa muuza maji. Mkasi akatoa machozi upande mmoja tu wa uso. Wakabonyeza tena, na tena, kila mchana, na siku betri zilipotolewa kidole kikaendelea peke yake, hakuonekana mtu hata mmoja mle ndani aliyeogopa. Wewe ungeogopa? Umemwuguza mtu, umemfuta, umemlisha, umetukanwa kwa kumlisha polepole na kwa kumlisha haraka, halafu kidole kinaruka. Ungekibusu na wewe.

Mkono ukapona haraka mno. Leo unashika kijiko, kesho unafunga kifungo. Wateja wakasikia, wakarudi na vitambaa vyao. Meza ya kukatia ikasogezwa kitandani, Mkasi akaegemezwa mito, na mkono ukashika mkasi ukapita kwenye kitambaa bila chaki, ukakata suruali iliyonyooka kuliko zote alizowahi kukata akiwa mzima. Ulimi nao ukarudi.

"Unakodoa nini?" alimwuliza mkewe. "Hujawahi kuona mkono?"

"Naona haujachoka, mume wangu. Tangu asubuhi."

"Basi uchoke wewe kwa niaba yake."

Lakini kulikuwa na harufu. Mama Vyura aliijua kabla hajakubali kwamba anaijua. Ilikuwa harufu ya birika la vyura, maji yaliyolala, tope, kitu chenye utelezi. Mwanzoni alijinusa yeye. Akabadilisha sabuni. Akaacha viatu vya kazini nje. Harufu ikabaki, na ilikuwa kali zaidi kwenye shati la mumewe, mkono wa kulia, hata likiwa limetoka kuanuliwa juani.

Mchana mmoja alirudi kula. Jua lilikuwa limewafukuza watu wote barabarani, hata kuku walikuwa wamejibanza ukutani. Akiwa bado nje akasikia mkasi: kacha, kacha, kacha. Akasema moyoni, leo kajihimu. Akasukuma mlango.

Mkasi alikuwa amelala. Kichwa kimeanguka nyuma, mdomo wazi, anakoroma kwa raha zake. Na mkono ulikuwa unakata. Haukupapasa kama mkono wa mtu aotaye. Ulikata ukafika pembeni, ukaweka mkasi chini, ukageuza kitambaa, ukakilainisha kwa kiganja mara mbili kama fundi anavyokilainisha, ukachukua mkasi tena. Mama Vyura alisimama na kikapu chake mlangoni. Ukoromaji ulikwenda kwa mwendo wake na mkasi ulikwenda kwa mwendo wake, na miendo hiyo miwili haikujuana.

"Mume wangu," akanong'ona.

Mkasi hakuamka. Mkono ndio uliosimama. Ukabaki hewani kidogo, umeelekea kwake, kama mtu aliyeinua uso kutoka kwenye kazi. Kisha ukaendelea.

Alimwambia wifi, jikoni, kwa sauti ya chini, bomba la maji limefunguliwa ili lifunike maneno.

"Si yeye, wifi. Nakuapia. Unafanya kazi amelala."

"Kaka alikuwa fundi hata usingizini. Mama alikuwa akisema."

"Unanuka."

"Mwanamume asiyenuka ni picha." Wifi akafunga bomba. "Nikwambie ukweli? Ulizoea kuwa mkubwa humu ndani. Sasa kaka amepata mkono wake, unauonea wivu. Unauonea wivu mkono! Mungu wangu, hata wake wenza hawajafika huko."

Na siku ya mapumziko, baada ya chakula, saa ile ambayo nyumba nzima inaeleweka kuwa imekufa kidogo, alijilaza kwenye mkeka kando ya kitanda cha mumewe kwa sababu sakafu ndiyo peke yake iliyokuwa na baridi, akafumba macho, akaanza kuzama, na alikuwa katikati ya kulala na kutolala aliposikia kitu chepesi kikigusa utosi wake, chepesi kama utepe, na ulikuwa utepe, ule wa kupimia wa fundi cherehani wenye ncha ya bati, na ncha hiyo ya bati ya baridi ikatulia utosini, na vidole vikaunyosha utepe ukapita kando ya sikio lake, kando ya bega, ukafuata ubavu na paja na goti mpaka pale utepe ulipoishia, mkono ukabana kwa ukucha, ukaanza tena hapo mpaka kisigino. Moyo wake ulipiga, lakini, tusidanganyane, haukupiga kwa hofu. Ulipiga kwa kitu cha aibu zaidi. Alidhani anashonewa gauni. Baada ya miaka yote ile, alidhani nafasi imepatikana, na alitulia vilevile amefumba macho, mwanamke mzima mwenye mvi, akijifanya amelala ili asiiharibu furaha ile, na vidole vikapanda tena taratibu vikampima bega hadi bega, kwa upole ambao mumewe hakuwahi kuwa nao hata walipokuwa wapya, halafu vikaukunja utepe.

Akasubiri kiuno. Kiuno hakikupimwa. Akasubiri mikono, shingo, kifua. Hakuna.

Mke wa fundi cherehani hata asiposhonewa anajua nguo hupimwaje. Urefu na upana tu. Nguo isiyohitaji kiuno wala mikono ni moja, na mwenye kuivaa hafungi vifungo mwenyewe.

Akafumbua macho. Mkono ulikuwa unarudi juu ya kitanda polepole na utepe wake. Na juu ya mkono, kwenye ukingo wa mto, uso wa Mkasi ulikuwa unamtazama, macho mawili makavu, macho ya mtu aliyekuwa macho tangu mwanzo. Wakatazamana. Kisha Mkasi akafumba macho yake, taratibu, akaanza kukoroma.

Jioni alikuta kitambaa cheupe chini ya cherehani, kimekatwa, bado hakijashonwa.

"Cha nani hiki?"

"Cha mteja."

"Mteja gani?"

"Mteja," akasema Mkasi, akageukia ukutani.

Mganga aliyempata aliitwa Kunguru, kwa wembamba wake na kwa kikohozi chake, na alifanya kazi nyuma ya gereji, kwenye chumba kilichonuka ubani na oili. Hakuwa mtu wa maneno ya hekima. Alimsikiliza huku akitafuta chaja ya simu.

"Nyinyi wa vyuoni," akasema, "mnakuja kwangu nyumba ikishaungua, mnauliza bei ya ndoo. Ulibisha kwa nini?"

"Kwa kisanduku. Na nyaya."

"Sikuulizi kwa chombo gani. Ulipobisha, ulimtaja unayemtaka? Ulisema, fulani, mwenye mkono huu, toka?"

"Nilibonyeza tu, babu."

Kunguru akaacha kutafuta chaja. "Ukibisha nyumba tupu bila kutaja jina," akasema, "anatoka yeyote aliye karibu." Akachukua mkoba wake. "Lete na hicho chombo chako. Aliyefungua ndiye anayefunga. Mimi kazi yangu ni kuuliza tu."

Wakaja mchana, saa ambayo wifi alikuwa sokoni. Mkasi alipomwona mganga akatukana, na tusi hilo halifai kuandikwa. Kunguru akaweka chetezo chini ya kitanda, akafunga madirisha, akaketi kwenye kigoda upande wa kulia, akauambia mkono, si mtu, mkono, "Hujambo?"

Moshi ukapanda. Ile harufu ya tope ikasimama ikapambana nao, mpaka macho ya Mama Vyura yakachuruzika. Mkono ulishika ubao wa kitanda ubao ukalia. Halafu akaona kitu asichokitarajia: mdomo wa mumewe, uliokwenda pembeni tangu siku ya kuanguka, ukarudi katikati. Uso ukanyooka. Ukawa mzuri. Na sauti iliyotoka haikuwa nzito wala ya kutisha; ilikuwa ya mtu mstaarabu aliyeudhiwa.

"Mimi sijambo," ikasema. "Nyinyi?"

"Umeingiaje humu?" Kunguru akauliza.

"Nilibishiwa, nikaitika. Mtu akibishiwa asiitike? Kosa langu liko wapi?"

"Nyumba ina mwenyewe."

"Ilikuwa tupu. Nimefagia, nimewasha moto, nafanya kazi mchana kutwa. Wateja wamerudi. Mmeona mavuno, sasa mnamfukuza mlimaji?"

"Na kitambaa cheupe ni cha nini?"

Uso ule ulionyooka ukamgeukia Mama Vyura, ukamtazama kwa upole. "Huu ni mkono mmoja tu," ikasema. "Nimezoea nafasi kubwa zaidi. Na aliyebisha anakaa na mlango wazi, anatamani kuguswa. Nikampima. Fundi hupima kwanza. Nguo ikivaliwa, nyumba inakuwa tupu, nami nahamia."

Kunguru akakohoa kwa muda mrefu, akafuta mdomo. "Tutakutoa," akasema.

"Nitoeni. Lakini mwambie huyu mama kitu kimoja, ili ajue. Mwenyewe alikuwa anarudi. Kabla hajaleta kisanduku chake, mwenyewe alishafika mlangoni. Kile kidole gumba kilichotikisika wakati anasuguliwa, ambacho alidhani ni macho yake, kilikuwa cha mwenyewe. Angesubiri kidogo. Alibisha kwa pupa, nikatangulia mimi. Bado yuko hapa nyuma yangu, amejikunyata. Mkinisukuma mimi, mnamsukuma na yeye."

"Kweli?" Mama Vyura akamwuliza mganga kwa mnong'ono. "Babu, ni kweli?"

"Majini ni waongo," Kunguru akasema, bila kumtazama usoni. "Hasa wakiwa wanasema kweli. Funga mlango, mama."

Mama Vyura akatoa kisanduku kikapuni, akakirudishia betri zake. Alijua la kufanya, na hakufundishwa na mganga. Umeme wa betri una njia, unaingia kwa waya huu unatokea kwa ule. Kilichoingia kwa njia hiyo kitarudishwa kwa njia hiyo, kinyumenyume. Akabadilisha nyaya: ule wa kifundoni akaupeleka kwenye kiwiko, wa kiwiko akaushusha kifundoni. Akazungusha kitasa cha nguvu, akakipitisha alama ya chura, akakipitisha alama ambayo Daktari alikataza kuifikia kwa sababu mshipa ukipigwa hapo hauamki tena, akakifikisha mwisho. Mkono haukumzuia. Ulilala kwenye mto, kiganja juu, kama mkono unaoomba.

Alipoweka kidole juu ya kitufe chekundu, mdomo ukarudi pembeni.

"Mke wangu."

Hiyo ilikuwa sauti yake. Ile ya kukwaruza, ya upande mmoja. Hakuwa amemwita hivyo tangu lini, hakuna ajuaye.

"Usibonyeze. Usinirudishe kwenye ugogo, mke wangu, nakuomba."

"Ulikuwa macho siku ile. Kitu hicho kilinipima, nawe unaniangalia."

"Kilikuwa kinapima tu."

"Ulijua ni sanda?"

Mkasi akalia, upande mmoja. "Ni kitambaa," akasema. "Ni kitambaa tu, bado hata hakijashonwa. Ningekiambia. Siku ikifika ningekiambia kisi—"

Akabonyeza.

Hakukuwa na radi, wala paa halikuruka. Wanaosimulia hivyo hawajaona. Mkono ulinyooka mara moja, vidole vyote vimetawanyika, ukashuka. Ile harufu ikakatika kama taa. Mama Vyura akainua kidole gumba cha mumewe kwa ncha za vidole vyake, akakiachia. Kikaanguka. Akakiinua tena. Kikaanguka. Kunguru akamshika bega, akaondoa chetezo chake, akatoka bila kudai kitu, na kwa mganga hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote.

Mkasi hakumsemesha tena. Wifi aliporudi akaukuta mkono umekuwa baridi kama mchi, akapiga yowe, akaita kijana wa mkokoteni, akambeba kaka yake na mito yake na kila kitu. "Muuaji," alimwambia wifi yake mlangoni, kwa sauti iliyofika mtaa wa tatu. "Umeua mkono wa kaka yangu kwa wivu." Mama Vyura alikichoma kile kitambaa cheupe. Kisanduku akakirudisha chuoni, nyaya akazitupa chooni, akaagiza mpya, na wanafunzi wakaendelea kupiga kelele kama kawaida. Nyumba ikawa yake peke yake. Akala akiwa na njaa, akalala akiwa na usingizi. Kuna siku alijikuta anaimba, akajionea haya.

Simu ya wifi ilikuja mchana, jua liko utosini.

"Wifi!" Ugomvi wote ulikuwa umesahaulika. "Wifi, kaka amesimama! Ametoka kitandani mwenyewe!"

"Mkono umeamka?"

"Mkono uliuua wewe, utaamkaje? Mguu! Mguu wa kulia! Hakuna kisanduku, hakuna mganga, ni Mungu tu. Umeanza juzi kwa kuruka kidole, leo anatembea nyumba nzima. Sikiliza, anapita hapa."

Mama Vyura akabana simu sikioni. Akasikia hatua moja, nzito, ya uhakika, ikikanyaga sakafu kama mguu wa mwenye nyumba. Baada yake kikafuata kitu kinachoburutwa.

"Wifi," akasema polepole. "Mguu unaoburutwa ni upi?"

"Si huo wa kushoto. Ndiyo tunaushangaa, ulikuwa mzima, sasa umekuwa mvivu, unavutwa na mwenzake." Wifi akacheka. "Utazoea."

Nyuma ya kicheko kulikuwa na sauti nyingine, ndogo, ya kukwaruza, ya upande mmoja.

"Mbona analia?"

"Furaha, wifi! Mtu akirudishiwa mguu ulitaka afanye nini?" Kisha sauti ikaenda mbali na simu. "Kaka! Kaka, kiti kiko huku. Kaka, vaa basi kiatu. Kaka, unakwenda wapi na jua hili?"

Hatua nzito, mburuto. Hatua nzito, mburuto. Zikafika mlangoni, zikatoka nje, zikapungua, mpaka kwenye simu zikabaki shamrashamra za wifi anayewaita majirani waje waone muujiza.

Mama Vyura akaweka simu chini, akaenda dirishani. Kutoka kwa wifi mpaka pale ilikuwa barabara moja, imenyooka, na saa ile haikuwa na mtu.